Ng'ombe Wasio na Maziwa
Hotuba kwa wazazi na vijana, iliyotolewa kwa niaba ya walimu wa darasa la Jumapili katika jioni ya maadhimisho



Tumepewa dakika chache tuzungumzie malezi ya dini katika nyumba zenye vijana. Tulipoketi kuyaandaa maneno haya, nia yetu ilikuwa kueleza upungufu wa vijana. Haukupita muda tukatambua kwamba yatupasa kuanza na upungufu wetu wenyewe.

Kabla ya Diwali iliyopita tuliomba michango ya chakula kwa ajili ya familia zenye shida mtaani. Michango ilikuja mingi, nasi tukashukuru. Kijana mmoja wa miaka 15, aliyekuwa akisaidia kupanga magunia, alifungua moja lililotoka dukani kwa baba yake, akakuta mchele umeingia wadudu. Akauliza mbele ya watu: “Baba, mchele huu sisi tungeula?” Baba aliona haya, na haya ile ikageuka hasira. Alimwambia anyamaze, kwani mtoto hamfundishi mzazi dini. Nasi walimu tuliokuwa tumesimama pale tulimsihi kijana asiharibu sikukuu. Mchele ukagawiwa ulivyo. Kijana hakurudi darasani kwa miezi minne.

Nyumbani alikataa kusimama pamoja na wenzake wakati wa arati ya jioni. Mama yake alitujia kwa uchungu, akisema mwanawe amepoteza imani, na kwamba simu na marafiki ndivyo vilivyomharibu. Tuliitikia kwa vichwa, maana kuilaumu simu hakumgharimu mtu kitu.

Katika siku hizohizo tulikuwa tukiwasomesha vijana Katha Upanishad. Wengi wenu mnakijua kisa cha Nachiketa. Baba yake alifanya sadaka kubwa, akatoa ng'ombe. Lakini walikuwa ng'ombe wakongwe, waliokwisha kunywa maji yao ya mwisho, waliokwisha kukamuliwa, wasioweza kuzaa tena. Mtoto akawatazama wakiswagwa. Hapo andiko linasema jambo ambalo tulikuwa tumelisoma miaka mingi bila kulisikia: kwamba ilikuwa saa ileile, ng'ombe wale wakipelekwa, ndipo shraddha, yaani imani, ilipomwingia Nachiketa. Haikumtoka. Ilimwingia.

Siku tuliyoyasoma maneno hayo, hatukuweza kuendelea na somo. Kiti cha kijana yule kilikuwa kitupu.

Mnajua kilichofuata katika kisa. Nachiketa alimuuliza baba yake: mimi nami utanitoa kwa nani? Akarudia mara ya pili na ya tatu, hata baba akaghadhibika, akasema anamtoa kwa Mauti. Mtoto akaenda nyumbani kwa Yama, akangoja mlangoni siku tatu bila chakula, kwa kuwa mwenye nyumba hakuwapo. Yama aliporejea aliona aibu kwa mgeni aliyekosewa heshima, akamruhusu achague mambo matatu. Sisi sote hulikumbuka la tatu, alipouliza mtu akifa huwaje, akakataa mali, tembo na maisha marefu ili apate jibu. Jioni ya leo twawaomba mlikumbuke la kwanza. Kabla ya kuuliza siri yoyote, kijana huyu aliomba hasira ya baba yake ipoe, na kwamba atakaporudi apokewe kwa furaha. Mbele ya Mauti, jambo la kwanza alilolitaka ni kupatana na baba yake.

Basi tukaenda kumtembelea kijana wetu. Tuliketi barazani, tukamwomba radhi kwanza sisi, kwa kuwa tulikuwapo na tulinyamaza. Alitueleza kwamba hakuacha kusali. Kila usiku, duka likishafungwa, aliwasha taa pamoja na bibi yake chumbani. Lakini kusimama kando ya baba yake kwenye arati hakuweza, kwa sababu akimtazama huyaona yale magunia. Baba aliyasikia hayo kutoka mlangoni. Hakusema neno siku ile, nasi hatukumshurutisha.

Majirani zetu wa Pwani wana methali isemayo kuwa mwana hutazama kisogo cha nina. Utafiti nao una jambo linalokaribiana na hilo. Mwanazuoni wa Marekani, Vern Bengtson, pamoja na wenzake, walizifuatilia familia za kusini mwa California kwa vizazi kadhaa tangu miaka ya 1970, wakaandika matokeo katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Familia zile kwa sehemu kubwa zilikuwa za Wakristo na Wayahudi, wala mazingira yao si yetu. Hata hivyo yafaa tuwasikilize. Waliona kwamba mfano mwema wa mzazi pekee hautoshi. Dini hurithiwa zaidi pale mtoto anapojiona yu karibu na mzazi wake kwa upendo, na ukaribu wa baba una uzito wa pekee.

Maandiko yetu hayamwogopi mtoto mwenye macho. Katika Taittiriya Upanishad, mwalimu akimuaga mwanafunzi humwagiza amheshimu mama, baba, mwalimu na mgeni kama miungu. Sehemu hiyo sisi wazazi twaipenda sana. Lakini katika agizo lilelile mwalimu humwambia mwanafunzi ayafuate yaliyo mema katika mwenendo wa walimu wake, na yasiyo mema ayaache. Mwalimu anakiri mwenyewe kwamba yasiyo mema yapo.

Kwa hiyo twawaomba wazazi mambo matatu. La kwanza, kijana akiuliza maana ya puja, ajibiwe kwa lugha anayoielewa. Mababu zetu waliovuka bahari kwa majahazi kutoka Kutch na Kathiawar walisali kwa Kigujarati na Kikachi, na mantra zetu ni za Kisanskriti. Lakini watoto wetu wa hapa Mombasa huwaza kwa Kiswahili na Kiingereza. Kumweleza mtoto kwa Kiswahili si kuipunguzia dini heshima. Na pale tusipojua, tuseme hatujui, tukatafute pamoja naye.

La pili, kabla ya kutoa, tujiulize swali la kijana yule: sisi tungekila?

La tatu, hasira ikishaingia nyumbani, mkubwa ndiye atangulie kupatana. Nachiketa alilazimika kwenda hadi kwa Mauti kuuombea moyo wa baba yake. Wetu wasilazimike kwenda mbali hivyo.

Nanyi vijana, twawaomba neno moja. Ulizeni, lakini ulizeni kama mtu anayetaka kubaki nyumbani. Baba aliyekosea naye huona haya, na mwenye haya huhitaji muda.

Huenda mngependa kujua mambo yamefikia wapi. Kijana huja Jumapili moja, akakosa nyingine, hatumhesabii siku. Jioni nyingine husimama kwenye arati, hatua chache nyuma ya baba yake. Na chakula kitakachogawiwa kesho kimekaguliwa langoni na vijana wenyewe, yeye akiwa mmoja wao. Gunia la baba yake lilifunguliwa kama mengine yote, likapokewa. Magunia mawili yalirudishwa kwa waliotoa, na moja kati ya hayo lilikuwa la mmoja wetu sisi walimu. Alilichukua, akaenda akaleta jingine.