Masijala ya Chama Ndani ya Simu ya Katibu

(Mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi)



Katika ofisi iliyotunzwa vizuri, kila karatasi ina jalada lake na kila jalada lina namba yake. Karatasi isiyo na jalada huhesabiwa kuwa imepotea, hata kama bado imo ndani ya chumba. Kanuni hiyo makatibu wanaijua tangu zamani. Lakini siku hizi sehemu kubwa ya karatasi za chama huingia kwa njia ya simu, na humo kanuni husahauliwa. Tangazo la mnada, orodha ya malipo na picha ya stakabadhi hulala chungu moja na picha za harusi na nyimbo za kwaya.

Karibu kila simu janja huuzwa ikiwa na programu ya kusimamia faili. Katika simu za Samsung huitwa My Files. Katika simu nyingi nyingine ni Files ya Google, ambayo ilitolewa mwaka 2017 kwa jina la Files Go. Aghalabu mwenye simu huifungua siku ile tu simu inapokataa kupokea picha kwa kujaa. Hufuta asichokijua, akaifunga. Huko ni kuigeuza masijala kuwa jaa.

Mfano wa korosho unatosha. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kutumika katika zao hilo mwaka 2007, chini ya Sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupima mzigo wake katika chama cha msingi, akapewa stakabadhi. Mzigo hupelekwa ghala kuu, na mwendesha ghala naye hutoa stakabadhi yake. Kisha huja mnada, na baada ya mnada malipo kupitia benki. Kila hatua huacha karatasi, na karatasi hizo zikishindwa kukutana, anayeumia ni mkulima.

Basi ichukuliwe kwamba mwanachama anafika ofisini mwezi wa Februari. Anadai kuwa kilo 312 alizopima tarehe 8 Novemba hazimo katika orodha ya malipo. Katibu anakumbuka kwamba karani wa tawi alimtumia picha ya ukurasa ule wa kitabu. Anaanza kupekua picha moja moja, mwanachama akiwa amekaa mbele yake. Anatafuta za tarehe 8, hazipo. Kumbe picha iliyopokelewa kwa WhatsApp hupewa jina kama IMG-20241115-WA0007, na tarehe iliyomo katika jina hilo ni ya siku picha ilipoingia katika simu. Mzigo ulipimwa tarehe 8, karani akatuma tarehe 15. Picha ipo, lakini katibu hataiona, na mwanachama ataondoka akiamini kwamba ameibiwa. Huenda kweli ameibiwa, lakini hakuna awezaye kusema.

Dawa ya jambo hili ni kubadili jina la faili siku ileile inapopokelewa. Katika programu ya faili, kidole kikishikiliwa juu ya picha, faili huchaguliwa, na katika orodha ya amri mna ya kubadili jina. Jina lifaalo huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-11-08-mizani-kitabu14. Mpangilio huo una sababu. Simu hupanga majina kwa kusoma herufi na tarakimu kuanzia kushoto. Tarehe ikianza na siku, kumbukumbu zote za tarehe 8 za kila mwezi zitakaa pamoja, Novemba ikichanganyika na Machi. Ikianza na mwaka, majina yakipangwa, tarehe nazo zimekwisha kupangika. Sifuri ya mbele katika 08 isiachwe.

Jina hilo ndilo litakalotumika pia katika kutafuta. Sanduku la kutafutia lililo juu ya programu kwa kawaida husoma jina la faili. Maandishi ya kalamu yaliyomo ndani ya picha si ya kutegemewa kusomwa. Katibu akiandika "kitabu14" ataletewa kurasa zote za kitabu hicho, kama alizipa majina hayo.

Baada ya majina, folda. Yatosha kufungua moja yenye jina la chama, ndani yake moja ya kila msimu, na ndani ya msimu folda chache: mizani, ghala, mnada, malipo, mikutano. Wako wanaofungua folda thelathini kwa bidii ya siku ya kwanza, na baada ya wiki mbili hawajui karatasi ipi iende wapi.

Vitu vya kujaza folda hizo hupatikana mahali panapojulikana. Vilivyopakuliwa kwa barua pepe au kivinjari huwa katika folda ya Download. Vya WhatsApp, katika simu zenye Android 11 na za baada yake, vimo ndani ya folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp. Hapa pana mtego. Faili ikihamishwa kutoka humo, ujumbe uliokuja nayo hautaweza tena kuifungua. Kwa hiyo amri ya kutumia ni ile ya kunakili, wala si ya kuhamisha. Tena makarani waelezwe watume kurasa za vitabu kama hati. Picha itumwayo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora, na tarakimu ya kalamu iliyofifia, 3 au 8, huweza kuleta ugomvi.

Nafasi ikipungua, faili zipangwe kwa ukubwa. Zitakazojitokeza juu, mara nyingi, ni video za vichekesho, wala si kumbukumbu za chama. Kilichofutwa hukaa katika tupio siku 30, katika My Files na katika Files vilevile. Aliyefuta kwa bahati mbaya ana muda huo wa kurudisha; na anayehitaji nafasi leo hana budi kulimwaga tupio lenyewe. Hakuna haja ya kupakua programu nyingine ya kusafisha simu. ES File Explorer, iliyokuwa mashuhuri kwa kazi hii, iliondolewa katika duka la Google mwaka 2019.

Files ya Google ina pia folda salama, ifungwayo kwa namba ya siri. Ni nzuri kwa mambo ya mtu binafsi. Kwa nyaraka za chama haifai, kwani namba ikisahauliwa vilivyomo havifunguki tena, na chama hakiwezi kutegemea kumbukumbu ya kichwa cha mtu mmoja. Kinachofaa ni nakala ya pili: mwisho wa kila mwezi folda ya msimu inakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu au flashi, faili mbili tatu zinafunguliwa kuhakikisha kuwa zinasomeka, na kifaa kinatiwa katika kasha la chama. Orodha za malipo zenye namba za akaunti za wanachama zisizungushwe katika makundi ya WhatsApp. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu.

Yote hayo hayaondoi kitabu. Stakabadhi yenye sahihi ndiyo asili, na picha ni msaidizi wake.

Limebaki suala la simu ya nani. Vyama vingi havina simu ya ofisi, na katibu hutumia yake. Akiacha kazi, huondoka nayo. Kwa hiyo hati ya makabidhiano, pamoja na vitabu, mihuri na funguo, itaje pia folda ya chama: misimu mingapi, faili ngapi katika kila folda, na kifaa gani kimekabidhiwa. Katibu mpya afungue folda hizo mbele ya mwenyekiti, ahesabu, ndipo wote watatu watie sahihi. Nakala zilizobaki katika simu ya anayeondoka zifutwe hapohapo, na tupio limwagwe wakiona.