Mbio za Moshi: Panga Safari na Kijana Wako

Tangu 2003 Moshi hupokea wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, Jumapili moja ya mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wewe uliyeko Same mjini, au juu kule Chome na Mamba, unataka kwenda na familia, kijana akiwemo. Uanzie wapi?

Anza na malazi. Siku hizo nyumba za wageni hujaa; kama una shangazi Moshi, mpigie mapema. Kutoka Same ni kama kilomita 100 za lami. Ninyi wa milimani, teremkeni Ijumaa, maana gari za huko hushuka alfajiri.

Pili, mshirikishe kijana. Zipo mbio za kilomita 42, 21 na 5. Hizo za 5 ndizo za familia. Hata anayetembea anafika. Akitaka 21, someni kwanza masharti ya umri, na awe amefanya mazoezi kwa miezi. Kupanda mlima kwenda shule kunajenga pumzi, ila Moshi wakati huo ni joto kali. Namba za kukimbilia huchukuliwa kabla ya siku yenyewe.

Tatu, pangeni pa kukutana. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika hufurika watu. Kusema "tuonane getini" hakutoshi. Chagueni duka au mti mnaoujua wote. Kijana awe na nauli mfukoni na namba ya mama kwenye karatasi.

Jumatatu ni shule: kateni mapema tiketi ya kurudi Jumapili mchana.