Spana ya Mtungi: Dharura katika Chumba cha Daktari wa Meno



Nianze na mtungi. Miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Chumba cha meno kilikuwa na mtungi wa oksijeni karibu na dirisha, mweusi wenye mabega meupe, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Asubuhi moja nilimng'oa jino fundi seremala, mtu wa miraba minne, mzaha mwingi. Jino lilitoka bila shida. Nageuka kuweka koleo kwenye sinia, nasikia kiti kinalia. Kutazama, jamaa kaning'inia upande, uso umekuwa rangi ya majivu, jasho linamtiririka. Nikapaza sauti: oksijeni! Muuguzi akavuta kitambaa, akaukumbatia mtungi, akanitazama. Spana ya kuufungulia haikuwepo. Ilikuwa stoo, stoo imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda benki.

Fundi alinusurika kwa sababu alikuwa amezimia tu. Tulikilaza kiti, tukamwinua miguu, na baada ya dakika moja hivi akafumbua macho, akauliza kama jino limeshatoka. Aliyebaki akitetemeka ni mimi. Tangu siku ile sijaacha kuamini kwamba chumba cha meno hakishindwi na dharura kwa kukosa dawa peke yake. Kinashindwa kwa sababu hakuna aliyewahi kujiuliza, siku ambayo hakuna shida, kitu fulani kiko wapi na nani atakwenda kukichukua.

Kuzimia ndiyo dharura inayotokea zaidi ya zote kwenye kiti chetu. Hofu, njaa na joto vinakutana. Mishipa ya damu inalegea, moyo unapunguza kasi, damu inatuama miguuni, ubongo unapungukiwa. Tiba yake ni kulaza. Lakini tazameni watu wanavyofanya: wanamkalisha, wanampepea, na ndugu aliye mlangoni anasema mpeni maji. Ukimkalisha unauongezea ubongo njaa, na maji kinywani mwa asiye na fahamu njia yake ni mapafuni. Mjamzito wa miezi ya mwisho tunamlaza kwa ubavu wa kushoto, maana akiwa chali mji wa mimba unaukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Na mtu akilazwa dakika mbili tatu asirudiwe na fahamu, tusiendelee kusema amezimia. Kuna jambo jingine.

Sukari kushuka, kwa mfano. Mzee anachoma insulini alfajiri. Jirani kamwambia jino hung'olewa tumbo likiwa tupu, naye kamsikiliza jirani. Anapanda basi la kwanza, anakaa kwenye benchi letu mpaka saa sita mchana. Anaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, kisha anajibu ovyo, na sisi tunamwona mkorofi. Akiwa bado anameza vizuri, vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji vitamrudisha, na dawa hiyo inauzwa kwenye kioski pale chini. Akishapoteza fahamu asipewe kitu kwa mdomo. Huyo anahitaji glukosi ya mshipani au sindano ya glukagoni.

Mzee huyu angeokolewa mapema na swali moja: umekula saa ngapi? Sisi hatuulizi hivyo. Fomu zetu zinauliza, "Je, una ugonjwa wowote?" Katika Kiswahili cha watu, mgonjwa ni aliyelala kitandani. Mama aliyejitanda kanga zake vizuri, akabadilisha daladala mbili kutufikia, hawezi kukubali kwamba anaumwa kitu kingine zaidi ya jino. Anaandika hapana. Mkoba wake ukianguka, zinamwagika pakiti tatu za vidonge.

"Na hizi, mama?"

"Hizo? Za presha tu, mwanangu. Hiyo mimi nimeshaizoea."

Kwa hiyo nawafundisha wanafunzi wangu waulize dawa kabla ya kuuliza ugonjwa. Unameza nini? Leo umemeza? Mwenye kifafa mara nyingi hatalitaja neno lenyewe, kwa aibu ambayo jamii imelibandika. Muulize kama huwa anaanguka, atakutajia mpaka siku. Mwenye pumu muulize pampu iko wapi sasa hivi, maana iliyoachwa nyumbani Mbagala haitamsaidia akibanwa kifua Upanga.

Wapo pia wanaoapa kwamba wana mzio wa ganzi. "Nilichomwa, moyo ukanienda mbio, nikaona nakufa." Mara nyingi kinachosimuliwa hapo ni adrenalini iliyochanganywa ndani ya ganzi, ikaingia kwenye mshipa wa damu kwa sababu daktari hakuvuta bomba nyuma kuangalia damu kabla ya kusukuma. Mzio wa kweli wa lidokeini ni adimu sana. Tangu Nils Löfgren alipoitengeneza huko Sweden mwaka 1943, dawa hii imekuwa rafiki yetu mkubwa, ilimradi ipimwe. Hapa niruhusuni hesabu kidogo. Kichupa cha mililita 2.2 chenye lidokeini ya asilimia 2 kina miligramu 44. Kwa watoto mimi nafuata kipimo cha tahadhari, miligramu 4.4 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 15 basi mwisho wake ni miligramu 66, yaani kichupa kimoja na nusu. Daktari anayechoma kichupa upande wa kulia, akachoma kingine wa kushoto, kisha akaongeza kidogo kwa kuwa mtoto bado analia, ameshavuka mpaka bila kujua. Dalili zinaanza kwa ganzi ya ulimi mzima, masikio kulia na maneno kuchanganyika, na zinaweza kuishia kwenye degedege. Ndiyo maana siingii kwenye chumba cha meno cha watoto kisicho na mizani nikakisifu.

Mzio mkali wenyewe tuutafute kwenye penisilini, kwenye glovu za mpira, na hata kwenye klorheksidini ya kusukutulia, ambayo Uingereza imeripotiwa kuua baada ya kutumika kuoshea kidonda cha jino. Midomo inavimba, mwili unawasha, sauti inakwama, kifua kinabana, presha inashuka. Tiba ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, ndani ya msuli wa paja upande wa nje, irudiwe baada ya dakika tano kama hajapata nafuu. Mwanafunzi mmoja aliniuliza kwa nini asitumie ganzi, si ina adrenalini? Tukapiga hesabu pamoja ubaoni. Kichupa cha moja kwa elfu themanini kina mikrogramu 27.5. Angehitaji vichupa kumi na vinane. Darasa lilicheka, lakini lile lilikuwa swali la mtu anayefikiri, na nililipenda.

Moyo ukisimama, tatizo la kwanza ni kiti chenyewe. Kimetengenezwa kubembeleza, ukikandamiza kifua, mgongo wa kiti unabonyea na nguvu yako inapotelea kwenye sponji. Kama mgonjwa hawezi kushushwa sakafuni, kiti kilazwe kabisa kisha kile kistuli anachokalia daktari kisukumwe chini ya mgongo wa kiti kiwe nguzo. Kandamiza sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Na umeme ukikatika kiti kikiwa kimesimama? Hakuna njia nyingine, mgonjwa anabebwa kwenda chini. Sijaona kitabu cha ng'ambo kinachozungumzia jambo hilo, sisi tunalijua.

Siku hizi tunafanya mazoezi kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, dakika kumi kabla ya kufungua mlango. Mmoja anajifanya mgonjwa. Karani wa mapokezi anapiga simu ya gari la wagonjwa, naye pembeni ya simu amebandika karatasi yenye maelekezo ya kufika, kwa kuwa nyumba yetu haina namba ambayo dereva angeielewa: mkabala na msikiti, geti la kijani, ghorofa ya pili. Spana imefungwa kwa kamba shingoni mwa mtungi. Tulidhani tumekamilika, mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi dada anayefanya usafi, ambaye hakuna aliyekuwa amemuuliza kitu, aliposimama na dekio lake akatwambia kwamba machela haiwezi kukata kona ya ngazi. Tukaenda kujaribu. Haikukata. Wiki ile tukanunua kiti cha kubebea wagonjwa, na mazoezi yaliyofuata dada yule ndiye aliyetangulia mbele, akiwaamuru madaktari wawili wapinde wapi.