Askari na Saratani ya Ini



Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilipatwa na msiba usiotokana na risasi hata moja. Askari walidungwa chanjo ya homa ya manjano, na baada ya miezi michache wapatao 50,000 wakaugua, macho yao yakageuka rangi. Chanjo ile ilikuwa imechanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na ndani yake mlikuwa na virusi ambavyo havijapata jina. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg aligundua alama ya virusi hivyo katika damu, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ndivyo virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za saratani ya ini barani Afrika.

Walio wengi katika askari wale walipona. Mtu mzima akiambukizwa, mwili wake kwa kawaida huvishinda. Mtoto mchanga hana nguvu hiyo: katika watoto 100 walioambukizwa na mama zao wakati wa kuzaliwa, wapata 90 hubaki navyo maishani. Virusi hukaa miaka 20 au 40 bila maumivu, huku ini likifanya makovu polepole. Askari huyo hukimbia na wenzake, hushika zamu, wala hajui lolote. Siku tumbo linapojaa maji na mwili kukonda, mara nyingi tiba imekwisha kuchelewa.

Burundi ilianza kuwapa watoto chanjo hii mwaka 2004. Kwa hiyo askari aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na katika kambi wembe mmoja huweza kupita videvu vingi. Virusi hupita kwa damu na kwa kujamiiana. Kula sahani moja au kupeana mkono hakuambukizi, na kumtenga mwenzako kwa sababu hiyo ni ujinga mtupu.

Kisha liko ghala. Mahindi na karanga zikiwekwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Huko Kenya mashariki, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Sumu kidogo kidogo kwa miaka mingi haiui upesi namna hiyo, bali huleta saratani, na kwa mwenye virusi vya B hatari huzidi mara nyingi. Mtunza bohari anayeweka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na kutupa karanga zilizosinyaa, anafanya kazi ya uganga.

Pombe nayo, iwe urwarwa au bia ya chupa, huongeza makovu juu ya makovu. Unene na tumbaku vimo humo humo.

Damu ikipimwa na virusi visionekane, aliye hatarini huchanjwa sindano tatu. Aina ya C haina chanjo, lakini vidonge vya majuma 12 huwaponya karibu wote. Aina ya B haiponi upesi; vidonge vya tenofovir huizuia, na anayefuatwa na daktari hupigwa picha ya ini kila miezi sita. Mkewe na watoto wake nao hupimwa.