Kikombe Kimoja cha Maji: Kufundisha Sayansi na Maarifa ya Jamii kwa Pamoja Katika Skuli za Ghubra

Mada kwa semina ya walimu na wazazi, Ghubra, Maskati

1. Utangulizi



Siku moja niliwauliza wanafunzi wa darasa la tisa hapa Ghubra: maji mliyokunywa asubuhi yametoka wapi? Wengi walijibu, "Kwenye tangi la juu ya nyumba." Nikauliza, na kabla ya tangi? Wakanyamaza. Watoto hao walikuwa wamefaulu mtihani wa sayansi uliouliza maana ya uvukizaji, na mtihani wa maarifa ya jamii uliowataka wachore falaji, yaani mfereji wa jadi wa maji. Walijua yaliyomo katika vitabu viwili, lakini hatukuwa tumewaonesha kwamba vyote viwili vinaeleza maji ya kikombe kile kile.

Mada hii ina hoja moja. Skuli ndogo haihitaji maabara kubwa ili ifundishe vizuri. Inahitaji kitu kimoja cha mtaani, kinachochunguzwa na mwalimu wa sayansi na mwalimu wa maarifa ya jamii wakiwa bega kwa bega. Kwetu Ghubra, kitu hicho ni maji.

2. Sayansi iliyo pwani yetu

Maskati hupata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka, ilhali Unguja, walikokulia wengi wa bibi zetu, hupata zaidi ya 1,500. Tofauti hiyo peke yake ni somo zima la jiografia. Uhaba wetu wa mvua ndio uliofanya kijengwe hapa Ghubra kituo cha umeme na maji kilichoanza kazi mwaka 1976.

Njia iliyotumika mwanzo kuondoa chumvi katika maji ya bahari ilikuwa ya joto. Maji ya bahari hupashwa moto, kisha hupitishwa katika vyumba vinavyofuatana, kila kimoja kikiwa na kanieneo ndogo kuliko kilichotangulia. Kanieneo ikipungua, maji huchemka ghafla hata kabla ya kufika nyuzi 100. Mvuke hugusa mabomba baridi, ukawa maji matamu. Miaka ya 2010 kikajengwa kituo kingine kinachotumia utando: maji husukumwa kwa kanieneo inayozidi mara 50 ile ya hewa tunayovuta, yakapenya, na chumvi ikabaki nyuma.

Haya yote yanaweza kuanza kuonekana darasani. Chota lita moja ya maji ya bahari, yachemshe polepole mbele ya mwalimu mpaka yakauke, pima kinachobaki. Wanafunzi watapata karibu gramu 35 hadi 40. Kundi jingine liweke maji ya bahari ndani ya bakuli pana, kikombe kitupu katikati, karatasi ya plastiki juu, na kijiwe kidogo juu ya plastiki usawa wa kikombe, kisha liliache juani. Jioni wapime maji yaliyodondoka. Wakishaona uchache wake, waulize: mji mzima utahitaji nishati kiasi gani?

3. Jamii iliyo ndani ya maji

Swali hilo la nishati linatupeleka kwa mwalimu wa maarifa ya jamii. Oman ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1967. Mwaka 1970 nchi nzima ilikuwa na skuli tatu na wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Mwanafunzi akiziweka tarehe hizi pamoja na 1976, ataona jinsi utajiri wa ardhini ulivyogeuka kuwa maji na madarasa, na jinsi mji ulivyoweza kukua kupita uwezo wa visima vyake.

Kabla ya hapo kulikuwa na falaji, nazo bado zipo hata katika wilaya yetu ya Bawshar. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman katika orodha ya urithi wa dunia. Falaji ni fizikia, kwa sababu maji hushuka kwa mteremko mdogo uliopimwa kwa uangalifu. Falaji pia ni sheria. Zamu hugawiwa kwa athar, kipimo cha karibu nusu saa, na wakili wa falaji husimamia haki za watu. Mchana zamu zilipimwa kwa kivuli cha jua, usiku kwa nyota. Wazee wale hawakutenganisha elimu ya nyota na uadilifu wa kugawana.

4. Masomo yanapokutana

Mwishoni mwa 2008 na kuingia 2009, mwani mwekundu ulitanda katika Bahari ya Oman kwa miezi kadhaa. Samaki walikufa, na mitambo ya kusafisha maji ya bahari ikatatizika. Mwalimu wa sayansi ataeleza kwa nini viumbe wadogo kiasi hicho huongezeka ghafla. Mwalimu wa maarifa ya jamii atauliza: maji yakipungua, nani apewe kwanza? Hospitali, majumba, au bustani? Hapo mwanafunzi hawezi kujibu kwa somo moja. Kimbunga Gonu cha Juni 2007, kilichokata maji na umeme sehemu nyingi za Maskati, kinafaa kwa mjadala huo huo.

5. Wazee na lugha ya nyumbani

Wengi wetu hapa tuna mama au bibi aliyekulia Unguja au Pemba. Huko Unguja, Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya bomba mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Lakini shamba watu waliendelea kuteka visimani. Bibi anajua kisima kipi kilikuwa cha chumvi na kwa nini, na habari hizo anazijua kwa Kiswahili. Tumtume mjukuu akamhoji kwa lugha hiyo, kisha aandike ripoti kwa lugha ya skuli.

6. Mapendekezo

(a) Kila muhula, walimu wa masomo haya wawe na wiki mbili za mada moja ya pamoja.

(b) Kila mwanafunzi apime kitu kwa mkono wake na amhoji mzee mmoja.

(c) Kazi hizo zipewe alama, kwani kisicho na alama wanafunzi hukiona si somo.

(d) Wazazi wanaofanya kazi katika maji, mafuta au afya waje darasani kueleza kazi zao.

7. Hitimisho

Mtoto aliyejibu "kwenye tangi" hakukosea. Alisimama pale tulipomwacha. Tumpandishe hatua kwa hatua: kutoka tangini hadi kwenye bomba, kituoni, baharini, na nyuma zaidi hadi kisima cha bibi yake. Tunaweza kuanza wiki ijayo. Pwani haiko mbali, na lita moja inatosha.