Umri wa Bango la Oili

Yule farasi mwekundu mwenye mabawa ambaye dunia nzima inamjua kuwa nembo ya Mobil alianzia katika bara letu. Mwaka 1911 tawi la kampuni ya Vacuum Oil lililokuwa Cape Town, Afrika Kusini, lilimsajili kuwa alama yake ya biashara. Wakati huo alikuwa mweupe. Wekundu alivalishwa baadaye na tawi la Japani. Kwao Marekani, oili ya Mobiloil iliuzwa kwa nembo ya Gargoyle, kile kiumbe cha kutisha kinachochongwa kwenye kingo za paa za makanisa ya kale ya Ulaya.

Mwaka 1931 Vacuum iliungana na Standard Oil ya New York, likapatikana jina Socony-Vacuum, na farasi akapanda cheo. Miaka mitatu baadaye, mjini Dallas, alisimamishwa akiwaka taa za neoni juu ya jengo la kampuni ya Magnolia, iliyokuwa chini ya mwavuli huohuo. Mwaka 1955 jina likawa Socony Mobil. Mwaka 1966 likabaki Mobil Oil, na miaka hiyohiyo wasanifu Chermayeff na Geismar wakaleta maandishi ya buluu yenye herufi O nyekundu, yanayoonekana barabarani hadi leo.

Basi, akitokea muuzaji na bango lenye ile O nyekundu, akaapa kwamba ni la kabla ya Vita Kuu ya Pili, msikilizaji ana jibu. Bango haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kitu kipya kabisa kilichoandikwa juu yake. Kanuni ni hiyo tu, na anayeishika vizuri hadanganyiki kirahisi.

Lakini kanuni hiyo inataka uangalifu. Kampuni inapobadili jina makao makuu, matawi ya mbali huchelewa kufuata. Uingereza na Australia jina la Vacuum liliendelea kutumika miaka mingi baada ya 1931. Kwa hiyo bango lenye jina hilo likipatikana kwenye gereji ya zamani ya nchi iliyotawaliwa na Waingereza, mtu asikimbilie kusema ni la miaka ya 1920. Kwanza aulize lilichapishwa kwa ajili ya soko gani.

Castrol ni mfano mzuri zaidi kwa anayeanza kujifunza. Charles Wakefield alifungua kampuni yake London mwaka 1899, akiipa jina lake mwenyewe. Mwaka 1909 akaleta oili iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, akaiita Castrol. Kwa nusu karne majina hayo mawili yalikaa pamoja kwenye mabango: Wakefield Castrol. Mwaka 1960 kampuni yenyewe ikajiita Castrol, na jina la Wakefield likaondoka. Bango lenye majina yote mawili, basi, lina mipaka ya pande zote mbili, kuanzia 1909 hadi karibu na 1960. Lenye neno GTX halina mjadala: oili hiyo iliingia sokoni mwaka 1968.

Hapa kwetu Afrika Mashariki wengi wanamkumbuka pia mbwa mweusi wa Agip, yule mwenye miguu sita, anayetema moto akiwa ametazama nyuma. Kampuni ya Agip ilianzishwa Italia mwaka 1926, lakini mbwa huyo alitokana na shindano la uchoraji la mwaka 1952. Anayeuza mbwa wa miguu sita kwa bei ya bango la miaka ya 1930 anauza hadithi.

Namba nazo zinasema mengi. Vipimo vya uzito wa oili vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, vilianza Marekani mwaka 1911. Namba mbili zilizounganishwa, kama 20W-50, ni za oili za multigredi, ambazo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Na ikiwa pembeni kuna anwani ya kiwanda cha Marekani, msimbo wa posta wa tarakimu tano unaonyesha kwamba bango ni la mwaka 1963 au baada yake. Texaco walirahisisha kazi kabisa, kwani mabango yao mengi yana mwezi, siku na mwaka vilivyoandikwa kwa herufi ndogo ukingoni mwa chini.

Tatizo ni kwamba mghushi naye anajua kusoma. Anainakili nembo, anwani, hata tarehe. Hapo ndipo chuma chenyewe kinapoitwa kutoa ushahidi.

Mabango bora ya zamani ni ya enameli, kazi ileile iliyotupa sahani na birika nyeupe zenye ukingo wa buluu. Unga wa kioo wenye rangi hutandazwa juu ya bati la chuma, kisha bati linaingizwa tanurini kwenye joto la nyuzi 800 hivi, kioo kinayeyuka na kushikana na chuma. Katika viwanda kama Patent Enamel cha Birmingham, kilichoanza mwaka 1889, na Ingram-Richardson cha Beaver Falls, Pennsylvania, kilichoanza 1901, kila rangi ilichomwa kwa zamu yake. Ndiyo maana kidole kikipitishwa taratibu juu ya herufi hugusa mwinuko pale rangi moja inapopanda juu ya nyingine. Uso ulio laini mfululizo, kama picha iliyobandikwa, unastahili kutiliwa shaka.

Kisha yatazamwe matundu ya skrubu. Fundi alipokaza skrubu, kioo kilipasuka kulizunguka tundu, na kutu ya miaka mingi ikaingia hapo, nyeusi na ngumu, ikitambaa chini ya enameli. Kutu iliyotengenezwa kwa chumvi au asidi huwa ya rangi ya chungwa, hutoka mkononi kama vumbi, na mara nyingi imetapakaa sawasawa mahali ambapo hakuna sababu ya kutu kuwapo. Upande wa nyuma huaminika kuliko wa mbele, maana waghushi wengi hawajishughulishi nao.

Mabango mengi ya enameli yaliyeyushwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, chuma kilipokusanywa kutengenezea silaha. Yaliyobaki yakashindwa na bati jepesi la kuchapwa, halafu na plastiki yenye taa ndani. Hapa kwetu adui wa sasa ni mzani wa chuma chakavu, ambapo historia ya barabara zetu na mafundi wetu inapimwa kwa kilo.

Msikilizaji mwenye bango la namna hii kwenye gereji ya babu, dukani au kwenye sheli iliyofungwa, tunamwomba asilipake rangi upya wala kulisugua kwa steelwool. Alifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, alipige picha mbele na nyuma, kisha awaulize wazee lilitundikwa wapi na nani alikuwa mwenye gereji, na majibu ayaandike kabla halijahamishwa.