Lugha ya Daftari
Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa chama, juu ya kuenea kwa Kiarabu na mambo yaliyozipata lugha za wenyeji



Tuliombwa tuseme habari za kuenea kwa Kiarabu, na jinsi lugha za wenyeji zilivyopatwa na mambo kwa ajili yake. Shauri hili ni pana mno, basi twaomba ruhusa tuliingie kwa mlango tuujuao sisi makarani, yaani mlango wa ofisi. Wengi hudhani kwamba lugha huenea kwa upanga au kwa sala tu. Vyote viwili vilikuwapo, lakini twaona kalamu ilifanya kazi kubwa kuliko watu wasemavyo.

Waarabu walianza kuishinda Shamu katika miaka ya 630, na Misri kati ya mwaka 639 na 642. Mabwana wakawa wapya, ila makarani walikuwa wale wale wa zamani. Katika Shamu daftari za kodi ziliandikwa kwa Kiyunani, katika Iraki kwa Kiajemi, na katika Misri kwa Kiyunani na Kikopti. Ikawa hivyo kwa zaidi ya miaka 50. Aliyegeuza mambo ni Khalifa Abd al-Malik, aliyetawala tangu 685 hata 705, ndiye pia aliyeamuru fedha zipigwe kwa maandishi ya Kiarabu matupu.

Al-Baladhuri, mwanahistoria wa karne ya 9, asimulia chanzo chake katika Shamu. Karani mmoja wa Kiyunani alitaka kuandika, akakosa maji ya kuzimulia wino, akaenda haja ndogo ndani ya kidau. Khalifa alipopata habari alimwadhibu, akaamuru daftari zote zigeuzwe ziwe za Kiarabu. Kisa hiki tukipokee kwa hadhari, maana sote twajua jinsi masimulizi ya ofisini yanenepavyo njiani. Lakini kwamba daftari ziligeuzwa, hapana shaka.

Habari ya Iraki yatugusa zaidi. Huko kazi ilifanywa na karani aitwaye Salih, mwana wa mateka wa Sistan, aliyejua Kiajemi na Kiarabu pia. Makarani wa Kiajemi walipoona riziki yao inaondoka, walimwahidi dirhamu 100,000 akasema tu kwamba kazi hiyo haiwezekani. Asimulia al-Baladhuri kwamba Salih alikataa, akaimaliza. Angalieni, basi: aliyeitoa lugha ya nchi katika daftari hakuwa askari mgeni, bali mtu wa asili ya nchi zile zile za Uajemi, tena karani hodari.

Huko Misri amri kama hiyo ilifika baada ya mwaka 705. Tangu hapo mzazi aliyetaka mwanawe apate kazi ilimpasa amfunze Kiarabu. Kikopti hakikufa siku moja. Karne ya 10 Askofu Sawirus wa Ashmunayn aliwaandikia Wakristo wenziwe vitabu kwa Kiarabu, wapate kufahamu. Baadaye Kikopti kilitoka sokoni, kikatoka nyumbani, kikabaki kanisani, nacho kipo huko hata leo. Wakulima nao waliendelea kuhesabu majira kwa miezi ya Kikopti, Tut na Baba na Hatur, kwa sababu mbegu haikungoja amri ya serikali. Na Champollion, Mfaransa aliyefumbua maandishi ya Mafirauni mwaka 1822, alisaidiwa sana na Kikopti alichojifunza.

Hapa twataka wenzetu watazame jambo moja. Wakopti waliishika dini yao, na lugha ikawaponyoka. Waajemi wengi waliipokea dini ya Kiislamu, na lugha yao wakabaki nayo. Kwa hiyo dini na lugha si kitu kimoja. Waajemi walizitwaa herufi za Kiarabu, wakaongeza nne kwa sauti zao wenyewe. Karne ya 10 watawala wa Kisamani walioketi Bukhara waliwalea washairi na wafasiri wa Kiajemi, na mwaka 1010 Ferdowsi akamaliza Shahnameh. Lugha iliyokuwa imetolewa katika daftari ikarudi barazani kwa mfalme.

Waberberi wa Maghribi walijihifadhi milimani na jangwani. Lugha yao ilipata heshima ya lugha rasmi Moroko mwaka 2011, na Aljeria mwaka 2016.

Na Kiswahili? Chetu kilijaa maneno ya Kiarabu, lakini mifupa yake haikuvunjika. Neno kitabu lilipofika, wazee walisikia “ki” ya kwao, wakasema vitabu, kana kwamba ni kiti na viti. Katika hesabu tulipokea sita, saba na tisa, ingawa kenda bado yajulikana, na katika fungate ya arusi imo saba ya kale. Hata maneno ya meza zetu yana safari ndefu: daftari, kalamu na karatasi Waarabu waliyatoa kwa Wayunani, na diwani kwa Waajemi. Makarani wale waliondolewa kazini, maneno yao yakabaki na kufika mpaka pwani yetu.

Sasa twasema lililotuleta hapa. Mwaka 1967 Serikali ya Tanzania iliagiza Kiswahili kitumike katika kazi zake. Tulifurahi, na tungali twafurahi, maana mwananchi aweza kusoma barua aandikiwayo. Lakini mbele ya lugha za mama zetu, Kiswahili ndicho kilichokalia kiti kile cha Kiarabu mbele ya Kikopti, na kalamu imo mkononi mwetu. Mzee aletapo shauri la shamba, hutaja mipaka, udongo na vipimo kwa maneno ya kwao. Sisi twaandika “shamba, ekari mbili,” na yaliyosalia hayana mahali katika fomu.

Basi twatoa shauri hili mbele ya mkutano. Kila mwenzetu, popote alipo kazini, awe na daftari lake mwenyewe mbali na la serikali, aandike humo hesabu tangu moja hata kumi, vipimo, majina ya udongo na ya majira, kama wazee wa mahali pale wayasemavyo, pamoja na jina la kijiji na tarehe. Katibu amekubali kuyapokea na kuyatunza. Tungependa tuanze na sita, saba na tisa.